Jumamosi za Dawati la Ulaya

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumamosi, na bara nililoajiriwa kulifuatilia lilikuwa limelala. Vijana wa leo hamkuyakuta hayo, kwa hiyo nitaeleza. Wakati huo mapumziko yetu Oman yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na wiki ya kazi ilianza Jumamosi. Ulaya wao hupumzika Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo sisi na wao tulikuwa maofisini kwa pamoja zilikuwa tatu tu, Jumatatu hadi Jumatano. Mambo yao ya Alhamisi na Ijumaa yalipita sisi tukiwa majumbani tunakula na wageni, na Jumamosi tulipofika ofisini tulikuta kila kitu kimeshatokea na hakuna wa kumpigia simu kumuuliza.

Ofisi yenyewe ilikuwa Ruwi, mtaa wa Maskati, katika taasisi ya serikali iliyoshughulika na utafiti wa uchumi. Jina lake naliweka kando, kwa sababu baadhi ya niliowafundisha kazi bado wamo na sitaki wasumbuliwe kwa maneno yangu. Nilikuwa na shahada yangu kutoka Misri, viatu vipya vilivyonibana, na imani kubwa kwamba uchumi ni hesabu. Nilipelekwa Dawati la Ulaya. Dawati lilikuwa na watu wanne na mashine moja ya telex ya kupokelea habari kutoka nje, ambayo siku hiyo haikutoa hata mstari.

Mkuu wa Dawati alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia iliyokaa sawa daima, mzaliwa wa Unguja kama wazee wangu. Mbele za watu nilimwita Ustadh, kwa Kiarabu, kama kila mtu. Tulipobaki wenyewe tulirudi kwenye Kiswahili, na hapo nilimwita Ami, kama ndugu wa baba yangu.

"Umekuja siku nzuri, Bi Zuwena," aliniambia asubuhi ile. "Leo Ulaya kumefungwa. Hamna bei, hamna habari, na wakubwa wetu hawatuulizi kitu. Leo tunafikiri."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wake, na sijauona mahali pengine popote. Siku nyingine zote tuliandika taarifa. Taarifa hupanda ngazi, na kila ngazi inalainisha neno moja, mpaka ikifika juu inateleza kooni bila kukwama. Jumamosi hatukuandika chochote cha kupanda. Tulikaa mezani, kila mmoja akaja na swali lake moja, na tukalijadili mpaka adhana ya adhuhuri. Masharti yalikuwa hayo tu, pamoja na moja aliloniambia siku ile ile.

"Siku zilobaki utasema wanachotaka kukisikia, nna hakika, maana sote tunafanya hivyo na nyumba zetu zinataka kula. Lakini Jumamosi hapa kwangu sitaki mtu aniambie kitu cha kunifurahisha. Ukiona giza, sema unaona giza."

Kisha akanipa somo la kwanza. Aliniuliza kama najua urari wa malipo. Nilimjibu kwa ufasaha wa mtu aliyetoka mtihanini: ni hesabu ya nchi na dunia, kila kinachoingia kutoka nje upande mmoja na kila kinachotoka upande wa pili. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Haya. Mgeni katoka Ulaya, kalala hoteli Mutrah, kala samaki, kanunua ubani, karejea kwao. Utamweka wapi?"

"Kwenye utalii, Ami."

"Utalii upande gani?"

Nikaanza kuchora pande mbili kwenye karatasi.

"Upande wa mapato," akasema. "Yeye na pipa la mafuta ni mamoja, wote wametuletea fedha za kigeni. Tafauti ni kuwa pipa halilalamiki joto."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka kwa kuchelewa. Somo hilo limenikaa kichwani hadi leo.

Mtauliza, Maskati na Ulaya wapi na wapi? Swali hilo niliulizwa hata na mama yangu, ambaye hadi kufa kwake aliamini nafanya kazi benki. Rial yetu imefungwa kwenye dola. Kufunga sarafu maana yake serikali imeahidi kwamba kiwango hakitapanda wala kushuka, na ili kuitimiza ahadi hiyo lazima riba zetu zifuate riba za Marekani, tupende tusipende. Mafuta tunauza kwa dola. Lakini dawa, mitambo na vipuri vingi tunaletewa kutoka Ulaya. Sarafu zao zikipanda dhidi ya dola, dawa ya kisukari inapanda bei Darsait, na hakuna mtu Maskati aliyefanya kosa lolote. Nchi iliyofunga sarafu yake ikipigwa na mtikisiko haina njia ya kushusha thamani ya fedha yake ili bidhaa zake ziwe rahisi. Itabidi kitu kingine kishuke: mishahara, ajira, au matumaini ya watu.

Kwa hiyo nchi za Ulaya zilipoanza kujadili kuacha sarafu zao na kuwa na moja, Ami alifurahi kwa namna yake ya huzuni. "Hawa sasa wanaingia chumba tulichomo sie," alisema Jumamosi moja. "Tuwatazame vizuri. Watakayokuja kuyaona wao, ipo siku tutayaona na sie."

Kabla yuro haijazaliwa nilihamishwa. Nilipelekwa Dawati la Bei, chini ya Naibu Mkurugenzi wa Takwimu, mtu mnene mwenye haraka, aliyezaliwa Bujumbura na mwenye Kiswahili cha bara kilichonyooka. Yeye hakuamini karatasi. Swali la dawati lake lilikuwa moja, na watafiti wanaligombania mpaka leo: sarafu ikibadilika thamani, sehemu gani ya mabadiliko hayo inafika dukani, na inachukua muda gani?

"Usikae hapo na kompyuta, dada," aliniambia. "Nenda Wadi Kabir ukaulize pampu ya maji ya gari la Kijerumani inauzwa vipi leo, kisha urudi tena ukaulize."

Nikaenda, na abaya yangu ikarudi na grisi. Nilizunguka magereji na maduka ya vipuri msimu baada ya msimu. Sarafu ya Wajerumani ilipanda, pampu ikapanda. Sarafu ikashuka, pampu ikakaa palepale. Mwenye duka mmoja alinionea huruma akanifungulia soda. Pampu ile, alisema, inatoka Ujerumani, lakini bei yake inatoka Dubai, tena kwa dola. Nilimpelekea Naibu Mkurugenzi maneno hayo nikidhani nimeshindwa kazi. Alinitazama, akasema, "Sasa ndiyo umeanza." Miaka mingi baadaye maprofesa wa vyuo vikubwa waliandika kwa urefu kwamba biashara ya dunia hupangiwa bei kwa dola hata pale Marekani haimo kabisa. Niliwasoma kwa raha, nikaikumbuka soda ile.

Niliporudi Dawati la Ulaya, yuro ilikuwa imeshakomaa na imeshaanza kuugua. Ule ndio uliokuwa wakati mgumu wa madeni. Nchi za kusini mwa Ulaya zilikuwa zimekopa kwa riba nafuu kama za kaskazini, kisha ghafla wakopeshaji wakaogopa. Benki zao zilikuwa zimeshika dhamana za serikali zao, yaani karatasi za mkopo wa serikali, na serikali hizo ndizo zilizotakiwa kuziokoa benki, kwa hiyo kila mmoja alimvuta mwenzake chini. Kushusha thamani ya sarafu hawakuweza. Wakashusha mishahara. Mikutano yao ya dharura waliifanya mwisho wa wiki, masoko yakiwa yamefungwa, kwa hiyo Jumamosi zetu zilikuwa na kazi kuliko siku zozote. Nchi nzima ya watu ilijadiliwa huko, nasi tulikuwa miongoni mwa maofisi machache duniani yaliyokuwa wazi.

Ami alikuwa ameshazeeka, anavaa miwani miwili kwa zamu. Jumamosi moja kijana wetu mmoja alileta jambo la kutia moyo. Ureno, ukosefu wa ajira ulikuwa umeanza kupungua. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni fungu la watu wanaotafuta kazi wasipate, kati ya wote wenye kazi au wanaoitafuta. Kikishuka, watu husema uchumi unapona. Sote mezani tulifurahi, maana tulichoka na habari mbaya. Tulikuwa tumeshakubaliana kuliandika neno hilo, kupona, kwenye taarifa ya kesho yake.

Ami alivua miwani. "Hawa walopungua," akauliza, "wamepata kazi au wamepata tiketi?"

Kijana akaanza kupekua karatasi zake.

"Nnakuulizeni, maana mtu alopanda ndege hatafuti kazi tena kule alikotoka. Anatoka kwenye hisabu. Mtaani kwetu Unguja, baada ya mwaka ule wa mapinduzi, ungekuja na kalamu yako kuwatafuta wasokuwa na kazi, usingewapata. Maduka yamefungwa, nyumba zina watu wengine, na wenyewe wamo melini. Ungeandika kuwa mtaa umepona."

Mezani pale tulikuwa wanne ambao wazee wetu walikuwamo katika watu hao walioondoka. Tulikuwa tumesoma vitabu vyote vinavyosema kwamba sarafu moja inahitaji watu wahame kwa urahisi: penye shida wapungue, penye neema waongezeke, na mizani ikae sawa. Tuliisoma sentensi hiyo na kuipita, sisi, watoto wa waliohama. Mpaka leo nikifikiri jambo hilo nashangaa.

Ami akanipa kazi ya kuwatafuta wasioonekana. Namna ya kufanya ilikuwa kuacha kuwatazama wanaoondoka, kwa sababu anayeondoka haagi ofisi yoyote, na kutazama alama walizoacha na mahali walipofikia. Nilikusanya idadi ya watoto wanaoandikishwa shule, nyumba zinazotumia umeme kidogo mno, fedha zinazotumwa na ndugu walio nje, na daftari za wageni waliojiandikisha Uswisi na Ujerumani. Taasisi ikanipeleka Ureno wiki moja kuonana na wenzetu wa takwimu. Mwenyeji wangu, mama wa makamo kama mimi, alinichukua hadi mji aliozaliwa, mbali kidogo na pwani. Ilikuwa ni mitaa ya nyumba mpya, nzuri, na madirisha yake yote yamefungwa.

"Hii ya kaka yangu," akaniambia mbele ya moja. "Yuko Uswisi. Mama anakuja kufungua madirisha iingie hewa, halafu anayafunga."

Nililiandika hilo kwenye ripoti. Mkurugenzi Mkuu akalifuta, kwa sababu si takwimu.

Ami alistaafu, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Tulimzika akiwa na deni moja tu kwangu, la kunieleza alipata wapi uvumilivu. Karibu na wakati huo nchi ikabadilisha mapumziko yakawa Ijumaa na Jumamosi, ili tuwe karibu na dunia. Kwa biashara lilikuwa jambo la maana na sina ugomvi nalo. Lakini baraza la Jumamosi lilikufa. Tulijaribu kulihamishia Alhamisi, likawa mkutano kama mikutano mingine, wenye ajenda na sambusa, na wakubwa wakaanza kuhudhuria. Wakubwa wakihudhuria, watu wanaanza kuona nuru hata palipo giza.

Mkurugenzi mpya wa Utafiti alikuwa kijana wa kutosha kuwa mdogo wangu wa mwisho, mwenye adabu na akili nyingi. Niliongoza dawati chini yake. Tulibishana bila kugombana.

"Bi Zuwena, kuhama ndiko kunakopoza moto," aliniambia nilipompelekea utafiti wangu wa mwisho juu ya waliohama. "Kijana asiye na kazi Lisbon anapata kazi Munich. Yeye kafaidika, Munich imefaidika, na Lisbon mzigo umepungua. Nani kapoteza?"

"Mamake," nikasema.

Alicheka kwa upole. "Mamake hayumo kwenye modeli."

Na kweli hakuwamo. Modeli ni picha ya uchumi kwa milinganyo, na kila picha lazima iache vitu vingine nje. Mkurugenzi hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililonikera. Utafiti ulipokelewa, ukawekwa mahali tafiti zinapowekwa.

Sasa niseme habari za nyumbani, kwani ndipo kazi yangu ilipoishia. Mimi na marehemu mume wangu tulijenga Mabela wakati kule bado ni mchanga na nguzo za umeme. Tulijenga kama watu wote: chini sisi, juu mtoto. Ghorofa ya juu ilikuwa ya Nasir, mwanetu wa pekee, atakapooa. Ina ngazi yake ya nje, jiko lake na majlis ndogo ya wageni wake. Mume wangu alichagua vigae mwenyewe, akabishana na fundi juu ya kila dirisha. Alifariki kabla ya rangi ya mwisho.

Nasir alisomea Ujerumani, uhandisi wa mitambo ya hospitali. Alirudi na shahada nzuri wakati bei ya mafuta imeporomoka na ajira za serikali zimefungwa. Akajiandikisha katika watafuta kazi. Alivaa dishdasha iliyopigwa pasi akaenda kwenye kila usaili, akarudi, akakaa juu kule peke yake na taa zimezimwa. Mimi niliyelipwa mshahara kuueleza uchumi wa nchi za watu nilikuwa napika, naweka sahani kwenye ngazi ya nje, nashuka. Iliniuma mno, na sikuwa na neno la kitaalamu la kulisema.

Siku moja alishuka akaniambia, "Mama, wamenita kule nlikosoma. Hospitali. Nende mwaka mmoja tu, nipate uzoefu, khalas narudi."

"Nenda, baba," nikasema.

Sikuhitaji kusubiri taarifa ya mwezi kujua kwamba kwenye orodha ya watafuta kazi limetoka jina moja. Kazini asubuhi ile nilifungua jedwali la ajira nikakaa nalo muda mrefu. Mkurugenzi alipita, akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, idadi zinakwenda vizuri.

Mwaka mmoja ukazaa mwingine. Alipata mchumba huko, binti wa familia ya Kiomani aliyekuwa akisoma kule, harusi ikafanywa hapa Maskati. Wakalala ghorofa ya juu wiki mbili, wakaondoka. Watoto wawili wakazaliwa. Katika karakana yake ya mitambo, alinisimulia, nusu ya mafundi ni Wareno na Wahispania. Nikamwambia nawajua. Akacheka, akadhani nna utani.

Kustaafu kwangu kulikuja kwa agizo, sio kwa hiari. Bajeti ilibana, na wenye utumishi mrefu tukatakiwa tuwapishe vijana. Sikulipinga, maana niliwaona vijana wenyewe waliokuwa wakingoja. Nilipewa ngao ya kioo yenye jina langu, tukapiga picha, na Mkurugenzi akasema maneno mazuri ambayo naamini aliyamaanisha. Jambo la ajabu ni kwamba nilirudi kuwa mtu wa Jumamosi. Kwa Nasir, Jumamosi ni siku ya mapumziko, ndiyo siku anayopiga simu. Mimi huketi majlis ya chini na simu mkononi, nikiingoja Ulaya iamke, kama zamani.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia ni ya karibuni. Alipiga mapema kuliko kawaida, na watoto hawakusikika.

"Mama, nna jambo."

"Sema, baba."

"Uraia umepita. Wamenikubalia mimi na mama watoto na watoto. Lakini unajua sharia yetu, hairuhusu mbili. Nikitia saini huu, lazma nirejeshe wa Oman. Sijatia bado."

Nikadhani anataka radhi. Kwetu sisi mtoto hafanyi jambo kubwa kama hilo bila radhi ya mzazi, hata akiwa na mvi.

"Radhi ntakuomba," akasema, kama aliyenisikia. "Lakini kwanza nakuuliza kazi yako. Wewe ndo mtaalamu. Nikirudi sasa, na ujuzi huu, na watoto hawa, kuna pahala pangu? Wallahi Mama, ukiniambia nirudi, ntarudi. Jumatatu naandika barua ya kuacha kazi."

Nilimwamini. Nasir hajawahi kuniambia jambo asilifanye. Kwa hiyo jibu lilikuwa langu, na lilikuwa karibu kabisa. Neno moja, na ngazi ile ya nje ingepandwa na watoto. Sentensi zenyewe nilikuwa nazo tayari, nilizisoma miaka yote katika taarifa za watu: mambo yanafunguka, miradi inakuja, subira kidogo. Hazikuwa za uongo zote. Nchi kweli inajitahidi.

Lakini hakuniuliza habari ya nchi. Aliniuliza habari yake. Niliwaza hospitali zetu, na namna matengenezo ya mitambo yanavyotolewa kwa mikataba kwa kampuni za nje. Niliwaza vijana wa majirani zangu hapa Mabela, wahandisi, wanaoendesha magari ya kupeleka vyakula. Niliwaza umri wake. Nikamkumbuka Ami na kofia yake, na nikakumbuka leo ni siku gani.

"Sipaoni, mwanangu," nikasema. "Kwa sasa sipaoni. Usirudi."

Nilisikia mlango ukifungwa kule kwake.

"Nlijua utanambia kweli," akasema. "Ndo maana nkakuuliza wewe, nsimuulize mtu mwengine."

"Tia saini. Nimekuridhia, duniani na akhera. Wewe na wanao."

Habari ya baba yangu sikumwambia. Baba alifika Maskati na karatasi ya safari moja tu, na alingoja miaka kupata pasi ya Oman. Siku aliyoipata aliibusu, akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaiweka kabatini chini ya kanzu za Idi. Nasir anaijua pasi ile, iko hapa hapa nyumbani. Nikimkumbusha angeubeba mzigo huo mpaka kaburini, na tayari ana wake.

Simu ilipokwisha nilipanda juu kwa ngazi ya nje. Magoti yangu hayaipendi ngazi hiyo. Nilifungua madirisha yote ya mume wangu, hewa ikapita, nikafagia majlis ambayo haijapokea mgeni. Halafu nikayafunga. Mamake yule mwenyeji wangu wa Ureno sikuwahi kumwona, lakini siku hiyo nilimjua kuliko ninavyowajua jirani zangu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mna mashine ambazo sisi hatukuziota. Ulaya haiwafungii tena milango, inawafikia simuni mkiwa kitandani. Mtaona riba zao, bei zao za gesi, madeni yao, wazee wao wanaozidi vijana, na mtaulizwa nani atafanya kazi katika nchi zile zinazozeeka. Jibu la swali hilo mimi nalijua kwa jina. Sina mawaidha makubwa. Nawaombeni tu mtenge siku moja katika wiki ambayo hakuna mkubwa anayesoma mnachosema. Na mkiona idadi imepungua, mmwulize mwenzenu pale mezani swali la Ami kabla ya kufurahi.

Nasir anasema watakuja Maskati wakati wa baridi, joto likipungua. Watoto wanataka kuona kasa na kupanda ngamia. Watashuka uwanja wa ndege, watasimama foleni ya pasi za kigeni, baba, mama na watoto, na ofisa kijana atawagongea muhuri na kuwakaribisha Oman kwa Kiingereza. Mwisho wa mwezi mtu fulani kwenye dawati langu la zamani atawajumlisha na wengine. Najua atawaandika wapi. Kwenye utalii, Ami. Upande wa mapato.